Mzee wetu aandikwe vipi? Mjadala wa Mara juu ya kamusi elezo

Hoja: Makala za Wikipedia ya Kiswahili kuhusu watu na mambo ya Mara ziandikwe kwa sauti gani, na maneno ya vitabu yaruhusiwe kuingia kwa kiasi gani?

MHARIRI (MUSOMA): Nikikuta sentensi inayosema, "Hayati Baba wa Taifa, kiongozi shupavu na mpendwa wetu, alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922," naipunguza. Nabakiza: "Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922." Simdharau mtu. Kamusi elezo si hotuba ya Siku ya Nyerere. Msomaji wa Lamu, wa Bukavu au wa Muscat anataka kujua ni nani, wapi, lini, na alifanya nini. Kama atampenda, atampenda mwenyewe akishasoma.

MZEE (BUTIAMA): Mimi nikiikuta hiyo uliyoipunguza naona umemvua mtu koti mbele ya wageni. Huku kwetu mtu mzima hatajwi kwa jina kavu. "Nyerere alizaliwa, Nyerere alisoma, Nyerere alijiuzulu." Mtoto akisoma hivyo atadhani ni mwenzake wa darasani. Na hilo la Baba wa Taifa si sifa za kilabuni. Bunge lilitunga sheria ya kuwaenzi waasisi wa taifa mwaka 2004, yeye na Mzee Karume. Cheo ambacho nchi imekitungia sheria wewe unakifuta kwa idhini ya nani?

MHARIRI: Sikifuti, Mzee wangu, nakihamisha. Makala itasema mara moja kwamba Watanzania humwita Baba wa Taifa, na itataja sheria hiyohiyo. Baada ya hapo inatumia jina. Kusema kwamba watu wanamheshimu ni taarifa. Kumheshimu kwa niaba ya kila msomaji ni jambo jingine. Chukua suala la dini. Jimbo Katoliki la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na Kanisa sasa humwita Mtumishi wa Mungu. Hilo linaingia, kwa kuwa limetokea. Lakini makala yenyewe haiwezi kuandika kana kwamba inapiga magoti, maana Mwislamu wa Ujiji na mlokole wa Bunda wanasoma ukurasa uleule.

MZEE: Hakuna aliyekuomba upige magoti. Nimekuomba adabu.

MWANACHUO (BUNDA): Samahani babu, samahani kaka. Ninyi mnagombania vyeo, sisi vijana kilio chetu ni kingine. Mtu anakesha na simu, bando linaisha, anatoa kitabu cha maktaba anaandika aya tatu nzuri juu ya utoto wa Mwalimu Nyerere. Asubuhi anakuta zimetenguliwa, na maelezo ni neno moja: hakimiliki. Wala hakunakili! Alibadilisha maneno.

MHARIRI: Tupe mfano, dada, tuuone hapa hapa.

MWANACHUO: Haya. Tuseme kitabu kimeandika hivi: "Kijana Kambarage alichunga mbuzi wa baba yake kwa bidii mpaka siku alipopelekwa shule ya Mwisenge, akiwa tayari na umri wa miaka kumi na miwili." Mimi naandika: "Mvulana Kambarage alilisha mbuzi wa mzazi wake kwa juhudi hadi siku alipopelekwa katika shule ya Mwisenge, tayari akiwa na miaka kumi na miwili." Kosa liko wapi?

MHARIRI: Umebadilisha kijana, kuchunga, baba, bidii na mpaka. Maneno matano. Mpangilio wa mwandishi umebaki kama ulivyokuwa, kuanzia mwanzo wa sentensi hadi nukta. Tena katika kubadilisha umeharibu. Mchungaji hutoka na wanyama kwenda malishoni. Wa kulisha anaweza akawaletea majani zizini. "Mzazi wake" nalo limemficha mtu muhimu: baba alikuwa Chifu Burito wa Wazanaki, naye anastahili kutajwa. Lakini lililo zito zaidi ni hilo "kwa juhudi". Nani alimwona akichunga kwa juhudi? Mwandishi wa kitabu alimpenda Nyerere, akatia neno la mapenzi. Wewe ukalivika nguo mpya ukaliingiza kwenye kamusi elezo bila saini yake. Sasa linaonekana ni kauli ya ulimwengu mzima.

MZEE: Kwa hiyo unasema sifa hizi mnazozifuta kila siku zinatoka vitabuni?

MHARIRI: Nyingi, Mzee. Watu hudhani kunakili ni kesi ya wizi na sauti ni kesi ya adabu, kila moja na baraza lake. Ukikaa na makala muda mrefu unaona zinaingia kwa mlango mmoja. Anayebadilisha maneno bila kuielewa habari huchukua na hisia za mwandishi, awe alikuwa anasifu au anatukana. Ndiyo maana makala za makabila yetu zimejaa maneno ya watawala wa kikoloni. Mtu amefungua kitabu cha zamani kilichosema Wakurya ni wakali na wapenda vita, akabadilisha "wakali" akaweka "wenye hasira", akaona amefanya kazi.

MWANACHUO: Sawa. Basi ningeandikaje hiyo ya Mwisenge?

MHARIRI: Soma zaidi ya kitabu kimoja. Vifunge. Jiulize unajua nini sasa, uandike kama unamweleza mdogo wako: "Nyerere alianza masomo mwaka 1934 katika Shule ya Mwisenge, mjini Musoma. Kabla ya hapo alichunga mifugo ya familia." Weka tanbihi. Mwaka 1934 hauna mwenyewe. Mwisenge haina mwenyewe. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,372,015 mkoani Mara, na hakuna atakayekudai uibadilishe namba hiyo kwa maneno yako. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda jinsi mtu alivyolieleza jambo, haimpi umiliki wa jambo lenyewe. Na usisahau: kila unachokiandika Wikipedia unaruhusu mtu yeyote duniani akichukue, akibadilishe, hata akiuze, mradi ataje kilikotoka na akitoe kwa masharti yaleyale. Utatoaje ruhusa hiyo kwa kitu cha mwenzako?

MZEE: Umesema "zaidi ya kitabu kimoja" kama mtu anayesema zaidi ya muhogo mmoja. Binti wa Bunda atavitoa wapi? Kile cha Thomas Molony juu ya miaka ya mwanzo ya Mwalimu kilitoka 2014, kwa Kiingereza. Zile juzuu tatu za Saida Yahya-Othman, Ng'wanza Kamata na Issa Shivji zilitoka Dar es Salaam mwaka 2020, kazi kubwa ya wenetu, nazo kwa Kiingereza. Kwa hiyo mtoto wa Mara asome kwanza Kiingereza kuhusu mzee wa Mara, ndipo aruhusiwe kuandika Kiswahili kuhusu huyo mzee. Na wazee waliochunga naye mbuzi wamekwenda kaburini bila mtu kuwauliza, kwa sababu mdomo wao si tanbihi.

MHARIRI: Hapo umenigusa, na sina jibu jepesi. Lakini wazee nao hawasemi kitu kimoja.

MWANACHUO: Hilo naweza kulishuhudia. Sisi upande wa Ikizu tuna habari za Nyakinywa, mwanamke mwenye mvua aliyetoka Kanadi, Usukumani, na Isamongo mwindaji aliyemkuta. Nyakinywa ana maji, Isamongo ana moto, wakashindana, na utemi ukaangukia kwa Nyakinywa. Lakini uliza ameupataje. Nyumba hii itakwambia alishinda kwa haki. Nyumba ile itakwambia ilikuwa hila. Nikiandika kama alivyonisimulia bibi yangu, mtu wa ukoo mwingine atafuta asubuhi. Akiandika yake, nitafuta mimi jioni.

MZEE: Na wote wawili mtakuwa na haki.

MHARIRI: Ndiyo sababu makala haisemi "alishinda" wala "alidanganya". Inasema: kwa masimulizi ya upande huu ilikuwa hivi, kwa masimulizi ya upande ule ilikuwa vile, na inataja yalikoandikwa. Tena kwa Mara ya kusini tumebahatika. Wapo wenyeji waliokuwa wakiandika historia za watu wao wenyewe. Jan Bender Shetler alizikusanya, zikachapishwa Leiden mwaka 2003 katika kitabu kimoja. Leo mtu wa Bunda anaweza kuandika habari za Waikizu akaweka tanbihi ya Waikizu wenyewe.

MZEE: Yaani maneno ya Ikizu yalipaswa kupanda ndege hadi Uholanzi ndipo yawe kweli?

MHARIRI: Hayakwenda kuwa kweli. Yalikwenda kuwa na ukurasa ambao mtu mwingine anaweza kuufungua akahakikisha.

MZEE: Mtu mwingine mwenye pesa ya kukinunua.

MWANACHUO: Babu, mimi nipo upande wako hapo, ila nina swali. Ukipewa wewe uandike, utaandika yote? Mwalimu ni mtoto wa Mgaya, mke wa tano kati ya wake 22 wa Chifu Burito. Nimeona watu wanaliondoa hilo wakisema ni kumvunjia heshima.

MZEE: Anayeliondoa si Mzanaki. Chifu kuwa na wake wengi ni habari ya chifu, haina aibu yoyote. Andika ishirini na wawili, mtaje Mgaya kwa jina. Kinachoniudhi mimi ni yule anayeandika, "Licha ya baba yake kuwa na wake 22, Nyerere alikua na maadili mema." Hiyo "licha ya" imetoka wapi? Nani amesema wake wengi na maadili haviketi pamoja?

MHARIRI: Unaona, Mzee? Umehariri sauti sasa hivi. Hilo "licha ya" ndilo ninalolifuta, kwa sababu ileile ninayofuta "mpendwa wetu".

MZEE: Usinichanganye, kijana. Mimi nimekataa tusi. Wewe unakataa na heshima.

MHARIRI: Basi tuhamie palipo pagumu. Mwaka 1974.

MZEE: Najua unakokwenda.

MHARIRI: Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Mwaka uliofuata Operesheni Vijiji ikaingia Mara. Familia zilitolewa kwenye miji ya baba zao zikapangwa mstari barabarani. Wapo wanaotaka makala iseme wananchi "walihamasishwa kuishi pamoja". Wapo wanaotaka iseme "waliswagwa". Kwako ni lipi, wewe unayetaka adabu?

MZEE: Nitakwambia mambo mawili, yote nayaamini. Watu walilazimishwa, na anayeandika kwamba walihamasishwa anawatukana bibi zetu. La pili, mwaka huohuo wa 1974, mwezi Novemba, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa hapo Musoma ikatoa Azimio la Musoma, kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa nchi hii awe na nafasi ya shule ya msingi. Madarasa yale yalijengwa wapi? Katika vijiji vilevile. Ukiandika paa lililong'olewa ukaacha darasa lililoezekwa, umeandika nusu.

MWANACHUO: Babu, bibi zetu husimulia paa. Darasa hawalitaji sana.

MZEE: Wanalitaja watoto wao waliosoma.

MWANACHUO: Ndiyo, lakini aliyelala nje na chakula kikiwa kimeachwa shambani ni yeye, si mtoto wake aliyepata ubao miaka mitatu baadaye. Kuweka vitu viwili katika aya moja na kuita usawa kunanitia shaka. Inakuwa kama unamwambia mtu: ulinyang'anywa, lakini ulipewa, basi tumemalizana.

MHARIRI: Dada yuko sahihi, na hata wahariri wazoefu huteleza hapo. Kutoelemea upande hakumaanishi kila lawama ipewe sifa ya kuituliza. Kila jambo lipewe nafasi kwa kadiri watafiti na mashahidi walivyolipa uzito. Operesheni iwe na aya zake, amri ya 1973, namna ilivyotekelezwa, madhara yake. Azimio la Musoma liwe na yake. Uhusiano kati ya hayo mawili uandikwe pale tu ambapo kuna aliyeuchunguza, naye atajwe. Na neno niliweke hapa wazi: "Walihamishwa, wengi kwa kulazimishwa." Halina "walihamasishwa" ndani yake, wala "waliswagwa".

MWANACHUO: "Wengi kwa kulazimishwa" ni baridi kaka. Bibi hakuhamishwa. Alifukuzwa kwake.

MHARIRI: Na neno hilo la bibi naweza kuliingiza, kama maneno yake, likiwa limechapishwa mahali. Linakuwa na nguvu zaidi likiwa ushahidi wa aliyepatwa kuliko likiwa kelele ya mhariri.

MZEE: "Likiwa limechapishwa mahali." Tumerudi kulekule.

MHARIRI: Tumerudi, na nitakueleza kwa nini tumekuwa wagumu. Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003, leo ina makala zaidi ya 80,000, na wanaozilinda kila siku ni wachache mno. Mwaka 2009 Google iliendesha shindano la kuandika makala kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Mamia ya makala yaliingia, zawadi zikatolewa, na wengi wa waandishi hawakuonekana tena. Walioachiwa kazi ya kusoma, kusafisha na kuhakikisha ni walewale wachache. Siku hizi mashine ya kutafsiri inamaliza makala kwa dakika moja, nayo huandika Kiswahili kisichosemwa na mtu wa Musoma wala wa Mombasa. Mkabidhi, yaani msimamizi wa Wikipedia, akiona aya tatu safi za mgeni, swali lake la kwanza ni: zimetoka wapi?

MWANACHUO: Aulize basi! Kuna ukurasa wa majadiliano katika kila makala. Mara nyingi nikiufungua nakuta mtupu. Mtu ametengua kazi yako, hajaandika hata mstari mmoja. Mnatudai tanbihi kwa kila sentensi, ninyi mnafuta bila sababu.

MZEE: Na hana jina. Amejiita jina la mtandaoni, sijui ni wa Nyasho au wa Norway.

MHARIRI: Jina la mtandaoni linaruhusiwa, na kila alichofanya kinaonekana kwenye historia ya ukurasa kwa tarehe na saa. Wakabidhi wenyewe huchaguliwa na wahariri wenzao, wanaweza kuhojiwa. Ila kutengua kazi ya mtu aliyeandika kwa nia njema bila kumweleza ni ukorofi, na sitautetea. Mgeni anayefundishwa hubaki. Anayefukuzwa hurudi Facebook, akaandike huko asikoulizwa chanzo.

MWANACHUO: Babu, wewe unaona Mwalimu hapaswi kuguswaguswa. Lakini yeye mwenyewe alijihariri. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaisari ilitoka 1963. Mwaka 1969 akairudia, hata jina la kitabu akalibadilisha likawa Juliasi Kaizari. Rais wa nchi, na kazi zote zile, alikaa akapitia maneno yake mwenyewe upya. Kama yeye hakuona tafsiri yake imekamilika, makala juu yake itakamilikaje?

MZEE: Mfano mzuri, ila uumalize. Alirudia kazi yake, kwa jina lake, watu wakijua ni yeye. Hakuamka usiku akabadilisha kazi ya Shaaban Robert. Mimi sipingi kuhariri, binti yangu. Napinga mtu asiyewahi kufika Mwitongo, nyumbani kwake Butiama, asiyejua kaburi liko upande gani wa nyumba, kunifundisha jinsi ya kumtaja aliyelala pale.

MHARIRI: Naye huyo asiyewahi kufika, Mzee, ndiye msomaji wetu mkubwa. Wewe huihitaji makala ya Butiama. Unaishi humo.

MZEE: Naihitaji kwa ajili ya wajukuu. Wanasoma simu kabla ya kuniuliza mimi.

MWANACHUO: Mimi napendekeza tuandike rasimu ya 1974 hadharani, kwenye ukurasa wa majadiliano wa makala. Yangu, ya babu, ya kaka, zote tatu zikae pale na vyanzo vyake. Isiingizwe hata moja mpaka anayeipinga aseme anapinga neno gani na kwa chanzo kipi. Na kama chanzo hakipo, tuandike pale kwamba tunakitafuta.

MHARIRI: Nakubali. Na nitasaini kwa jina langu halisi.

MZEE: Mtaniandikia ninyi, macho yangu hayapatani na simu. Andikeni kwamba mzee mmoja wa Butiama anataka "Mwalimu Nyerere" kila anapotajwa, na kwamba amekatazwa, na hajakubali.

MHARIRI: Litaandikwa hivyohivyo.

MZEE: Sasa nina neno kwa watu wa Mara, na hili si la mtandaoni. Mwenye daftari la baba yake lenye habari za 1974, mwenye kadi ya TANU, barua ya mtendaji wa kijiji, gazeti la zamani la Uhuru au Kiongozi, picha ya darasa la Mwisenge, asifungie samaki wala asiwashie jiko. Aandike nyuma yake ni la nani na la mwaka gani, alipeleke maktaba, atoe nakala, awape walimu wa historia. Na mwenye mama anayekumbuka siku paa liling'olewa, akamrekodi wiki hii.